Usimtokose mwana-mbuzi: kuku ameingiaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpishi wa hoteli. Juzi mgeni wa Kiyahudi aliuliza kama mchuzi wa kuku una krimu. Nilipomwambia ndiyo, akaomba samaki, akasema Torati inakataza nyama kwa maziwa. Nyumbani nikafungua Kutoka 23:19: "Usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye." Naona mbuzi, sioni kuku. Je, wameongeza wenyewe? Na kama ni amri ya Mungu, sisi Wakristo tumeiacha kwa ruhusa ya nani?

JIBU: Marahaba. Macho yako hayajakudanganya, kuku hayumo. Warabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, walilijua hilo, wakabishana juu yake kabla Mishna, mkusanyo wa sheria zao za mapokeo, haijakusanywa, yaani kabla ya mwaka 200 hivi. Rabi Yose wa Galilaya alisema ndege hahusiki, kwa kuwa aya inataja maziwa ya mama, na kuku hanyonyeshi. Talmudi, kitabu cha mijadala ya warabi juu ya Mishna, inasimulia kwamba kwao watu walikula kuku kwa maziwa bila neno.

Kabla ya kumfikia kuku, tuanze na maziwa. Kiebrania cha kale kiliandikwa konsonanti tupu. Alama za irabu ziliwekwa karne nyingi baadaye. Neno la "maziwa" ni halav, na neno la "mafuta" ya mnyama ni helev. Bila irabu yanaandikwa sawasawa. Basi nani aliyesema mstari huu unahusu maziwa, na si mafuta ya mama yake? Swali hili limo katika Talmudi, na jibu lake wewe mpishi utalielewa kuliko wanafunzi wangu wa theolojia: Torati imesema kutokosa. Kitu hutokoswa katika maji au maziwa. Katika mafuta hukaangwa. Kitenzi cha jikoni ndicho kilichoamua.

Halafu kuna suala la kurudiwa. Sentensi hiyo hiyo, neno kwa neno, imo mara tatu: Kutoka 23:19, Kutoka 34:26 na Kumbukumbu 14:21. Msomaji wa kawaida husema mwandishi alikuwa anakazia. Warabi hawakusoma hivyo. Kwao hakuna neno la Mungu lililowekwa bure, kwa hiyo kila marudio lazima yafundishe jambo lake. Katika mafundisho ya shule ya Rabi Ishmaeli, mara moja inakataza kula, nyingine kunufaika, nyingine kupika. Kunufaika ni kama vile kukiuza chakula hicho. Rabi Akiva alihesabu tatu hizo hizo, akatoa hoja nyingine: "mwana-mbuzi" limetajwa mara tatu ili kuwatoa nje mnyama wa porini, ndege na mnyama najisi. Kwa maana hiyo, kwa Akiva kuku hakatazwi na Torati yenyewe.

Kuku aliingia kwa mlango wa pili. Wahenga wa Kiyahudi waliona kwamba kwa mlaji wa kawaida kuku ni nyama kama nyama nyingine. Ukimruhusu kuku kwa maziwa, kesho mtu atakula ng'ombe vilevile. Wakajenga ua kuizunguka amri. Wao wenyewe wanakiri kwamba huo ni ua, si amri yenyewe, ndiyo maana neno "wameongeza" silipendi: mwenye kuongeza kwa siri haachi kumbukumbu za mabishano yake. Wakaraimu, Wayahudi wasioitambua Talmudi, hawana ua huo, na wengi wao hula kuku kwa maziwa hadi leo.

Ua wenyewe haukusimama mahali pamoja, kwa mfano katika muda wa kusubiri baada ya nyama kabla ya kula maziwa. Mar Ukva, mmoja wa wahenga wa Talmudi, alijiita siki mwana wa divai: baba yake akila nyama leo hakugusa jibini mpaka saa ile ile kesho, naye alisubiri mlo unaofuata tu. Leo jamii nyingi husubiri kwa muda wa saa 6, Wayahudi wenye asili ya Ujerumani saa 3, wa Uholanzi saa 1.

Upande wa Wakristo ruhusa ni ya Matendo 15. Mitume na wazee wa Yerusalemu waliwaandikia waamini wa mataifa wajiepushe na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, vilivyonyongwa na uasherati. Maziwa hayakutajwa. Tangu hapo Mkristo hakuuliza tena "nile nini?" alipofika kwenye aya hii, aliuliza "inaashiria nini?" Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliona humo unabii kwamba Kristo hangeuawa akiwa mtoto, Herode alipomtafuta. Mimi naona hapo amevuta kamba ndefu mno. Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa la kale, ananivutia zaidi: alimfuata Philo, Myahudi wa mji huo huo, kwamba ni ukatili kilichomlisha aliye hai kigeuzwe kiungo cha kumpikia akiwa amekufa.

Utasikia pia mahubirini kwamba wapagani wa Kanaani walikuwa na ibada ya kupika mwana-mbuzi katika maziwa, na kwamba imethibitishwa. Kuwa mwangalifu. Maimonide, mwanafalsafa na mwanasheria wa Kiyahudi, alidhani hivyo katika karne ya 12, akakiri kwamba hakuiona ibada hiyo katika vitabu vya wapagani alivyosoma. Miaka ya 1930 bamba la udongo la Ugarit, Syria, likasomwa kana kwamba linamthibitisha, lakini mstari wenyewe umeharibika, na wataalamu wengi wameuacha usomaji ule. James Frazer, mtafiti wa Uingereza wa mila za watu, mwaka 1918 alitafuta jibu katika habari za huku kwetu: aliwataja Wamasai, ambao kwa desturi hawachanganyi nyama na maziwa, wakihofia ng'ombe wao wadhurike. Inafikirisha, ingawa haituambii Musa alimaanisha nini.

Sasa jikoni kwako. Samaki na mayai si nyama kwa sheria hii, ndiyo maana mgeni aliomba samaki. Tui la nazi nalo si maziwa. Karne ya 16 huko Kraków, Rabi Moses Isserles aliamua jambo la namna hiyo kuhusu maziwa ya lozi: yaruhusiwa kupikia nyama, ila weka lozi kando ya chakula, mtazamaji asije akadhani ni maziwa ya ng'ombe. Kwa kuku hata hilo hakulidai. Mgeni wako anaweza bado kukataa, kwa sababu ya aliyechinja na sufuria iliyotumika, lakini akikuuliza kuhusu kuku wa nazi, mwambie ni tui, na ukipenda mwekee vipande vya nazi pembeni ya sahani.