Jibu: Kuvua Mufindi na kuwinda pori la jirani

Mkuu, umeuliza kama ukihamia Mafinga, wilayani Mufindi, utaweza kuvua kwenye mabwawa ya mashamba ya chai, na kama mwenye shamba akikuruhusu unaweza kupiga swala humo.

Samaki kwanza. Bwawa likiwa ndani ya shamba lenye hati, nenda ofisi ya shamba, omba ruhusa, na ikiwezekana upewe kwa maandishi. Mlinzi wa getini akikubali leo, wa kesho atakukamata. Leseni ya uvuvi ulizia kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Sumu na baruti usiguse kabisa. Inaniuma nikiona mto umeuawa kwa kitoweo cha siku moja.

Kuwinda ni habari nyingine. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini. Mwenye shamba anaweza kukuruhusu kuingia, lakini swala si wake kukupa. Kibali kinatoka mamlaka ya wanyamapori, na kinataja mnyama, eneo na muda.

Hifadhi za Taifa, Ruaha na Kitulo, sahau bunduki kabisa. Upande wa Usangu uwe makini zaidi: bonde liliingizwa Ruaha mwaka 2008, na mipaka imeguswa tena baadaye, kwa hiyo usitegemee ramani ya zamani. Kwa tarafa za Idodi na Pawaga, jirani na Ruaha, kuna MBOMIPA, jumuiya ya hifadhi ya vijiji. Hapo anzia kwa jumuiya yenyewe, mwenyekiti wa kijiji peke yake hatoshi.