Barua kwa mwanangu: Mungu hana karani

Mwanangu,

Mdogo wako alinisomea ujumbe wako mara mbili, nikamnyang'anya simu niusome mwenyewe kwa miwani. Unaniuliza niliwasameheje watu wa kanisa, maana wewe, tangu wazee wakusimamishe mbele ya washarika na tumbo lako la miezi mitano, kengele ya Jumapili ikilia unafunga madirisha.

Yafunge tu kwa sasa.

Hilo la kusamehe sina jibu lake, sijui hata kama nilisamehe. Ninachokijua ni habari ya benchi.

Mwaka ule wa msiba wewe ulikuwa kwa shangazi yako Lushoto, ukafika tumeshazika, kwa hiyo yapo yaliyokupita. Baba yako aliugua miaka miwili. Miaka miwili hiyo bahasha yake ya ahadi haikwenda kanisani, fedha yote ilikuwa inaishia hospitali. Alipofariki nikamtuma mjomba wako kwa mzee wa kanisa wapange ibada. Akarudi na jibu: daftari linaonyesha marehemu hakuwa msharika hai. Hai! Mtu amelala sebuleni kwangu, kidevu kimefungwa kitambaa, wananiletea habari za uhai. Mjomba wako alicheka, halafu akakaa kibarazani akalia.

Nikaikumbuka hadithi baba yako aliyowasimulia kila mlipopita Misheni, pale kwenye mnara wa kanisa la zamani. Kwamba Februari 1874 Chuma na Susi na wenzao waliufikisha hapa Bagamoyo mwili wa bwana wao, yule mmisionari Livingstone, wameubeba miezi kama tisa kutoka kijiji cha Chitambo, huko Zambia ya leo, umekaushwa kwa chumvi na jua, umeviringishwa kwenye gome la mti. Mapadre wa Kikatoliki wakaupokea, wakaulaza pale. Yule Mskochi hakuwa wa dhehebu lao, na hakuna aliyeuliza namba ya bahasha. Baba yako, kutoka nyumbani hadi mlango wa kanisa ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja ukaisha, hakufika.

Waliomzika unawajua. Vijana wa msikitini walianza kuchimba baada ya sala ya alfajiri. Yule jirani muuza mkaa akaleta turubai na mikeka, mkewe akapika sufuria mbili za wali, na nilipotaka kumrudishia fedha ya mchele alinuna wiki nzima. Jeneza alilitengeneza kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa baba yako, analia huku anakosea vipimo. Mwinjilisti alikuja bila joho, akasimama nyuma kabisa chini ya mnazi, mikono mfukoni. Tulipolishusha jeneza nikasikia mtu anaimba chini chini, kwa puani. Ndiye. Miaka mingi nimemwita mwoga. Na alikuwa mwoga. Lakini alikuwa na watoto wanne, analala nyumba ya kanisa, na bado alikuja. Hata leo sijaamua.

Mungu hana karani, mwanangu. Najua mmechoka kulisikia.

Miaka minne sikukanyaga. Nilisali jikoni huku napara samaki, na sala yenyewe nusu ilikuwa laana. Kisha binti wa yule muuza mitumba akaolewa, nami sikuweza kumkatalia mama yake. Nilichelewa, nikajibanza benchi la tatu kutoka mlangoni. Nikapitisha mkono chini ya ubao ili nijisogeze, kidole kikaingia kwenye alama: mikato mitatu ya patasi, mahali ambapo vanishi haifiki. Baba yako kila kazi yake aliitia mikato mitatu, hata kile kigoda chako. Nilikuwa nimesahau kwamba mabenchi kumi na mawili yale ni mkono wake, mninga mtupu, na kwamba nusu ya ujira hawakumlipa. Bibi harusi alitoka, watu wakatoka na vigelegele, mimi nimekaa tu, kidole kimo.

Jumapili iliyofuata nikaenda tena. Sikumwendea mchungaji, wala wazee. Mahubiri mengine siyasikii. Meza ya Bwana nilikaa mwaka mzima bila kuisogelea, wakiniuliza nasema goti linauma. Wahubiri wa redioni wanasema ukisamehe unapata usingizi. Mimi usingizi ulirudi kwanza, hilo lingine bado nalisubiri.

Lakini yako si yangu. Mimi walinikatalia maiti, wewe walikuaibisha ukiwa hai, na yule kijana aliyekupa mimba aliimba besi kwaya Jumapili ile ile bila mtu kumgusa. Nikilifikiria hilo natamani niende mwenyewe na mwiko. Sasa wanataka utubu mbele ya watu ndipo urudi kundini. Ningekuwa mimi... hapana. Nimemwahidi dada yako kwamba sitakuamulia, na una akili zako. Ila mbele ya watu wale usisimame mara ya pili. Basi, limeshanitoka.

Mlete mtoto Krismasi, nimeambiwa ana meno mawili. Kanisani kwenda au kutokwenda mtaamua asubuhi hiyo hiyo. Benchi liko upande wa dirisha, ukichoka unatoka bila kumpita mtu.

Mama yako