Kimemo cha mheshimiwa hakitakuingiza shule ya udaktari

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma baolojia mwaka wa tatu katika chuo kidogo huko Marekani, kwa sasa nipo likizo nyumbani Tabata. Mwakani naomba shule ya udaktari hukohuko, na natakiwa kuwa na barua za mapendekezo. Mjomba ameshaongea na mkurugenzi mmoja wizarani na profesa bingwa wa moyo, wote wamekubali kuniandikia. Mwalimu wangu wa kemia, niliyekuwa naye maabara mihula miwili, bado kijana na hajafikia uprofesa. Nimchague nani?

JIBU: Marahaba. Mwalimu wa kemia.

Maswali ya namna hii yananijia kila msimu, na wanaouliza karibu wote wanaamini kitu kilekile: kwamba barua hii ni kimemo. Mkubwa anaandika "huyu ni kijana wetu", basi mlango unafunguka. Wanaosoma maombi kule Marekani hawamjui mkurugenzi wako wala hawamwogopi. Chama cha vyuo vya udaktari vya huko, AAMC, kimewaelekeza waandishi wa barua waseme wanamfahamu mwombaji kwa muda gani, kwa nafasi gani, na wamemwona akifanya nini. Mkurugenzi aliyekusalimia sebuleni kwa mjomba ataandika nini hapo? Kwamba wewe ni mchapakazi, una nidhamu na unatoka familia njema. Msomaji akimaliza, atajiuliza kwa nini waliokufundisha hawakuandika.

Mwalimu wako alikuwepo bureti ilipovuja na hesabu zikagoma. Aliona kama uliandika daftarini matokeo mabaya vilevile yalivyotoka, au uliyapamba yafanane na ya jirani. Aliona ulivyomjibu mwenzako aliyemwaga asidi mezani. Hayo akiyaandika kwa aya mbili, yanamshinda profesa yeyote asiyekujua.

Huyo bingwa wa moyo simkatai moja kwa moja. Kama ulizunguka naye wodini kwa wiki kadhaa, akakuona ukiongea na wagonjwa, aandike alichokiona. Kama hamjawahi hata kukaa kliniki moja, mwache.

Mengine kwa kifupi. Shule nyingi hutaka walimu wawili wa sayansi na mmoja wa somo jingine, kwa hiyo soma masharti ya kila shule, na uhakikishe kwanza kwamba inapokea wageni, maana nyingi hazipokei. Chuo chako kikiwa na kamati inayowaandikia wanaokwenda udaktari, pitia hapo. Ukiiruka utaulizwa sababu. Mfumo wa AMCAS, ambao shule nyingi za udaktari za huko hupokelea maombi, hupokea hadi barua 10, lakini hiyo si ruhusa ya kuzijaza zote. Utaulizwa pia kama unaiacha haki ya kusoma barua zako, haki inayotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1974. Iache. Barua ambayo mwandishi alijua utaisoma haiaminiki sana. Na unapomwomba mwalimu, muulize wazi kama anakufahamu kiasi cha kukuandikia barua yenye nguvu. Akisitasita, mshukuru utafute mwingine.

Kinachonikera zaidi ni huu mtindo wetu wa "andika mwenyewe, niletee nisaini". Kijana mmoja aliniletea barua zake mbili nizikague, moja ya mhadhiri, nyingine ya daktari wa hospitali. Zote zilikosea jina lake la ukoo kwa herufi ileile. Sikuwa na la kukagua.

Halafu wapo mawakala wa mjini, wenye kompyuta, printa na muhuri wa kuchongesha, wanaouza barua ndani ya bahasha iliyofungwa. Bahasha hiyo haina pa kwenda, maana AMCAS haipokei barua kutoka mkononi mwa mwombaji: mwandishi huituma mwenyewe, akitumia namba iliyo kwenye fomu unayompa. Wajanja zaidi hufungua barua pepe ya bure kwa jina la profesa na kuipandisha wao. Ikigundulika, AAMC huchunguza na kuzitaarifu shule ulizoomba. Wazazi nao wanalipia barua za watoto wanaoomba udaktari hapahapa nyumbani, wakati aliyetoka kidato cha sita hupimwa kwa ufaulu wa fizikia, kemia na baolojia. Pesa ya bure kabisa.

Na wakala akikuomba nywila ya akaunti yako ya AMCAS "ili akujazie", usimpe. Mwisho wa fomu kuna tamko kwamba yote yaliyomo ni ya kweli, na anayewajibika nalo ni wewe. Kama umeshampa, ibadilishe leo.