Kabla hujatangaza zawadi ya bure

Zawadi ya kwanza niliyowahi kugawa ilikuwa simu. Wakati huo nilikuwa nafundisha uchoraji wa penseli kwa maandishi na video fupi, nina wafuatiliaji wachache lakini wenye bidii. Waliuliza maswali, walinitumia michoro yao, na nikikosea walinikosoa. Nikatamani wawe wengi. Nikatangaza kwamba atakayenifuata na kumtaja rafiki yake mmoja ataingia kwenye droo ya simu mpya. Haikuisha wiki, watu wakamiminika hadi nikashindwa kusoma ujumbe wote.

Nilipomtangaza mshindi, shughuli ikaishia hapo. Wengine waliondoka usiku uleule. Waliobaki walikaa kimya, na ukimya wao uliniuma kuliko kuondoka kwa wenzao. Niliweka somo la kuchora mikono, somo nililoliandaa kwa siku nyingi, na waliolijibu walikuwa walewale wa zamani, tena wamepungua. Mmoja wao aliniandikia: "Siku hizi hata sijui kama tunachora au tunasubiri droo."

Nimegawa zawadi mara nyingi tangu siku hiyo, na nyingi zimenipa nilichokitafuta. Wewe unayeanza, nakuomba uanze na jambo moja kabla hujafikiria bajeti wala tangazo: zawadi ndiyo inayochagua watu watakaokuja. Simu haimchagui mtu yeyote, kwa kuwa kila mtu anaitaka. Seti ya penseli za kuchorea, kuanzia HB ya kawaida hadi 6B iliyo laini na nyeusi zaidi, inachagua. Asiyechora hataona sababu ya kujaza fomu ili apate penseli laini zinazochafua vidole. Anayechora ataitamani hadi amwambie mwenzake, na huyo mwenzake kwa kawaida naye ni mchoraji.

Kipimo changu ni hiki. Kama mshindi anaweza kuiuza zawadi kesho yake kwa mtu yeyote, zawadi hiyo itawaita wauzaji. Kuna watu ambao kushiriki droo ndiyo shughuli yao ya kila siku. Wana akaunti kadhaa, wanajua kila sharti, wanajaza haraka kuliko msomaji wako wa kweli. Sisemi ni watu wabaya. Wanafanya ulichowaomba wafanye, wala hukuwaomba wapende uchoraji.

Zawadi iliyonifaa kuliko zote haikunigharimu fedha. Nilitangaza kwamba nitachukua mchoro wa mtu mmoja nikae nao nusu saa, nikirekodi sauti yangu huku nikionyesha kivuli kilipopotea na mstari ulipokosa uhai. Walioomba walikuwa wachache sana ukilinganisha na umati wa simu. Lakini kila mmoja alileta mchoro, na baada ya droo wengi wakaendelea kuleta. Nilipoomba ruhusa ya mshindi na kuwaonyesha wote rekodi ile, wasioshinda nao walipata somo. Ukiwa na ujuzi, saa yako moja ni zawadi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuitoa. Anza na hiyo.

Kitu unachokitoa bure pia kinaweza kukufundisha watu wanataka nini kwako. William Wrigley Jr. alipofika Chicago mwaka 1891 alikuwa akiuza sabuni, na ili wenye maduka wamnunulie akawapa bekingi poda kama nyongeza ya bure. Bekingi poda ikapendwa kuliko sabuni, basi akageuka kuuza bekingi poda, na mwaka 1892 akawa anawaongezea wateja paketi za chingamu bure. Chingamu nayo ikapendwa kuliko bekingi poda. Biashara iliyolikuza jina lake ilianza kama nyongeza ya mkononi. Mimi nilikuwa nimegawa ukurasa mmoja wa vipimo vya mkono, kiganja na vidole, kama kishika nafasi tu wakati nikiandaa kozi ya kuchora sura za watu. Sikuutilia maanani. Watu wakauomba, wakaomba wa pili, wakauliza miguu itakuja lini. Kozi ya sura haijakamilika hadi leo, na kurasa za mikono ndizo zinazonilisha. Kwa hiyo usitupe macho kwenye idadi ya washiriki peke yake. Soma wanachouliza baada ya kupokea.

Ukurasa ule unanileta kwenye ushauri mwingine: kama ndiyo unaanza, mpe kila mtu kitu kidogo badala ya kumpa mtu mmoja kitu kikubwa. Droo ina mshindi mmoja, na wengine wote wanaondoka wamekosa. Faili la kupakua, zoezi la siku saba, orodha ya vifaa uliyoihakiki mwenyewe, hivyo kila anayefika anaondoka navyo. Ila kiwe cha kwako. Usichukue kazi ya mwingine ukaibandika jina lako kwa kuwa unaigawa bure. Wizi hausafishwi na kutoa. Kama umetengeneza mwenyewe na unataka watu wasambaze, andika hivyo kwenye faili lenyewe. Leseni za Creative Commons zipo tangu mwaka 2002, na zinakuwezesha kueleza wazi kwamba mtu anaruhusiwa kunakili akitaja jina lako, au kwamba haruhusiwi kuiuza.

Ukiomba barua pepe ili kutoa faili, sema utaitumia kwa lipi na usivuke hapo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, inataka ridhaa ya mtu iwe ya hiari na ya wazi, na ukiwalenga watu walioko huko inakuhusu hata kama wewe huishi Ulaya. Hata pasipo sheria, mtu aliyekupa anwani ili apate ukurasa mmoja kisha akapokea matangazo kila siku, hatakuamini tena.

Sasa masuala ya kanuni, ambayo wanaoanza wengi huyaruka. Katika nchi nyingi, mambo matatu yakikutana, yaani zawadi, bahati na malipo, shughuli yako inahesabiwa kuwa bahati nasibu, na bahati nasibu huhitaji kibali. Ndiyo maana matangazo mengi husema si lazima ununue chochote ili kushiriki. Ukisema "nunua kozi yangu uingie kwenye droo," tayari umeweka malipo. Ondoa malipo, au ondoa bahati kwa kushindanisha ustadi na kueleza utakavyopima. Kisha soma sheria ya mahali ulipo kabla ya kutangaza.

Mitandao nayo ina masharti yake. Facebook hairuhusu kumtaka mtu asambaze tangazo kwenye ukurasa wake binafsi au ataje marafiki zake ili aingie kwenye droo. Instagram inakataza kuwahimiza watu kujitaja kwenye picha ambazo hawamo, na inataka ueleze kwamba yenyewe haihusiki na droo yako wala haiidhamini. Sharti langu la kwanza la kumtaja rafiki nililiiga kwa wengine bila kusoma chochote. Ningeweza kufungiwa akaunti, na kazi ya miaka miwili ingepotea kwa ajili ya simu moja.

Vigezo na masharti yako viandike kwa lugha ambayo mtu ataielewa akiwa anasoma kwa haraka. Nani anaruhusiwa, wa umri gani, kutoka nchi zipi. Droo inafungwa siku gani, saa ngapi, kwa saa za wapi. Mshindi atapatikanaje, ana siku ngapi za kujibu, na asipojibu nini kinafuata. Nani analipa gharama ya kusafirisha. Hili la mwisho lilinitesa. Mshindi wangu mmoja alikuwa nchi ya mbali, na kumtumia daftari la kuchorea kuligharimu zaidi ya daftari lenyewe, kisha akadaiwa ushuru alipokwenda kulipokea. Nilimrudishia ushuru ule. Tangu hapo zawadi ya kushikika naitoa kwa nchi ninazojua gharama zake, na wa kwingine nawapa kitu cha kupakua.

Ahadi ni deni, na deni la zawadi linaweza kumlemea hata mkubwa. Mwaka 1992 tawi la Uingereza la Hoover, kampuni ya mashine za umeme za kufagilia, liliahidi tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi kwa kila aliyenunua bidhaa yake ya pauni 100 au zaidi. Watu walinunua mashine za kufagilia wasizozihitaji, wakadai tiketi, na wengi wakaziuza mashine hizo zikiwa mpya. Ahadi ile iliigharimu kampuni karibu pauni milioni 50 na kesi zilizoburuzwa kwa miaka. Kabla ya kutangaza, jiulize: kila anayestahili akija kudai, utaweza? Kama jibu linategemea wengi kutokuja, badilisha zawadi.

Kuhusu kumpata mshindi, usichague kwa macho. Wape washiriki namba kwa mpangilio, kisha tumia chombo cha kutoa namba bila upendeleo. Random.org, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Mads Haahr huko Dublin, inatumia kelele za redio zinazotoka angani, zisizotabirika, kuzalisha namba zake. Rekodi skrini tangu orodha hadi namba, uwawekee watu waone. Na andika mapema kwamba ndugu na marafiki wa karibu hawashiriki. Droo yangu ya pili iliangukia kwa mtu niliyewahi kusoma naye. Ilikuwa halali kabisa, lakini sikuwa na rekodi, na minong'ono ilichukua miezi kutulia.

Matapeli nao hufuata droo kama nzi. Mara mbili watu wamefungua akaunti yenye picha yangu na jina langu, herufi moja ikiwa imebadilishwa, wakawaandikia washiriki: hongera, umeshinda, tuma nauli ya mzigo. Msichana mmoja alituma. Alinililia mimi, naye alikuwa na haki, kwa sababu sikuwa nimemwonya. Siku hizi kila tangazo langu linasema mambo matatu mwanzoni kabisa: akaunti yangu ni hii peke yake, mshindi anatangazwa hadharani kwanza, na simwombi mtu fedha kwa sababu yoyote ile. Anwani ya mshindi naipokea faraghani na kuifuta mzigo ukishafika.

Kama zawadi umepewa na kampuni, sema umepewa. Hilo halina mjadala.

Kinachobaki ni siku inayofuata droo, na hapa ndipo wengi tunapowapoteza watu tuliohangaika kuwaleta. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi huweka zoezi dogo, la dakika kumi, ndani ya siku mbili baada ya kutangaza mshindi: chora kikombe kilicho mbele yako bila kuinua penseli. Wageni walio tayari kubaki hujitokeza hapo. Nawajibu wote kwa majina, hata ikinichukua jioni nzima. Baada ya siku thelathini nahesabu waliotuma mchoro angalau mara moja, na namba hiyo ndiyo naiandika kwenye daftari langu. Idadi ya waliojiunga wakati wa droo niliacha kuiandika.

Usigawe kila mwezi. Niliwahi kufanya hivyo kwa msimu mmoja, na masomo yaliyowekwa kati ya droo na droo yakawa hayasomwi. Watu walikuwa wamezoea kuruka hadi kwenye tangazo. Mara mbili kwa mwaka zinanitosha.

Na walewale wa zamani usiwaache wapange foleni na wageni kila mara. Yule aliyeniuliza kama tunachora au tunasubiri droo, nilimtumia daftari la karatasi nzito na penseli mbili za 4B bila kumtangazia mtu. Hakuniandikia kitu kwa wiki tatu. Kisha ikaja picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari: mikono ya mama yake imekunjwa mapajani, na pembeni ameandika swali kuhusu kivuli kilicho chini ya kidole gumba.