Je, nimrudishe binti yangu Mombasa akasome chuo cha Qur'ani?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, msichana wa miaka 9 na mvulana wa miaka 6. Tulihama Mombasa miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya kazi ya mume wangu, na sasa tunaishi Nyeri. Katika darasa la binti yangu Waislamu ni watatu tu, na kwa kuwa hakuna mwalimu wa dini yetu, wao hukaa na wenzao katika kipindi cha dini ya Kikristo. Madrasa iko Jumamosi na Jumapili asubuhi, lakini Jumamosi nyingi shule huwa na masomo ya ziada. Mama yangu anasisitiza nimrudishe mtoto kwake akasome chuo kama tulivyosoma sisi. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Nyeri

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Nimesomesha madrasa katika miji ya bara kwa miaka mingi, na swali hili hunijia karibu kila Januari shule zinapofunguliwa. Rai yangu ni kwamba usimrudishe. Mama yako anamtakia mjukuu wake kheri, na chuo cha Pwani kina baraka zake, lakini mtoto wa umri huo akitenganishwa na wazazi wake kwa ajili ya dini, nachelea ataiona dini kuwa ndiyo iliyomtoa nyumbani kwao. Tena amana hii mmekabidhiwa nyinyi wawili: aya ya 6 ya Sura At-Tahrim inawaamrisha walioamini wajiokoe na moto, wao pamoja na ahali zao.

Anachokitamani mama yako, nadhani, si chuo peke yake. Pwani mtoto husomeshwa na mtaa mzima: adhana humkuta mchezoni, jirani humuuliza kama amefunga, na jioni za Ramadhani hutumwa na sahani ya kaimati nyumba ya pili. Siku asiyokwenda chuoni, mtaa umeshamfunza. Kwa sensa ya 2019, Waislamu ni takribani asilimia 11 ya Wakenya, na wengi wako Pwani na Kaskazini Mashariki. Huko mlipo, sehemu ile ya mtaa haina wa kuifanya isipokuwa nyinyi, na saa mbili za madrasa mwishoni mwa wiki haziwezi kuiziba.

Niliwahi kumsikiliza mwanafunzi mmoja wa umri wa binti yako akisoma Sura Al-Kafirun, hakukosea hata herufi. Nilipomuuliza maana yake alinyamaza, akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake, kisha akaniambia kwamba rafiki yake shuleni alimuuliza kwa nini haendi kanisani, naye akajibu, "Mama hataki." Lakum dinukum waliya din, nyinyi mna dini yenu nami nina dini yangu: jibu lilikuwa mdomoni mwake kila siku, wala hatukuwa tumempa.

Kwa hiyo tengeni dakika 20 kila siku baina ya Magharibi na Isha, televisheni imezimwa. Chukueni sura fupi moja kwa wiki, msome matamshi, kisha maana kwa Kiswahili. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, itawafaa. Ikiwa wewe mwenyewe hukuhitimu chuo, soma naye bila haya, kwani mtoto anayemwona mama yake akijifunza huona jambo hilo lina uzito. Huyo mdogo asimame tu kando ya baba yake wakati wa swala, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwaamrisha watoto swala wafikapo miaka saba.

Ama shule, mwandikie mwalimu mkuu barua ya heshima, wewe na wazazi wa wale wawili wengine kwa pamoja. Elimu ya Dini ya Kiislamu imo katika mtaala wa taifa, kwa hiyo ombeni watoto wasome vitabu vyake katika kipindi hicho, na ustadh wa madrasa asaidie kuwasahihishia kazi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na dini yake. Kushirikishwa katika ibada kunaingia humo. Lakini kusikia somo tu kusikutie hofu kupita kiasi. Akirudi na habari za Maryam na Nabii Issa, fungueni Sura ya 19 jioni hiyo hiyo, aone kwamba nasi tunazo habari zao na tunawaheshimu.

Kuhusu Jumamosi, muombeni ustadh ahamishie darasa hilo Jumapili alasiri. Wazazi wakimwendea watano au sita pamoja, aghalabu hukubali.

Mama yako naye usimwache nje ya jambo hili. Kila Ijumaa jioni mpigie simu, mpe binti yako amsomee bibi yake sura ya wiki hiyo na kumweleza maana yake, na pale atakapokosea, bibi amrudishe.