GPA yako, na ukurasa wa kwanza

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza jambo moja tu: GPA yako, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.1 uiandike kwenye CV au uiache, maana unaona wenzako wa daraja la pili la juu ndio wanaoitwa kwenye usaili. Nitafika huko. Kwanza CV yenyewe uliyoniambatishia.

Mtacheka wewe na baba yako, lakini narudia: CV ni hati ya kiapo. Amri ya XIX, kanuni ya 3 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, inamtaka muapaji aseme yale anayoweza kuyathibitisha kwa ufahamu wake mwenyewe. Wewe umeandika "uzoefu katika sheria za kazi, ardhi na makampuni". Nani atakuthibitishia hayo? Kule kwenye mafunzo kwa vitendo ulikuwa unajaza fomu CMA F1, ile ya kupeleka mgogoro wa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukirudi unatusimulia mezani mpaka mdogo wako akajua kwamba aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume. Mbona hayamo? Andika: "Niliandaa fomu CMA F1 tisa za wafanyakazi walioachishwa kazi, nikikagua ukomo wa siku 30 katika kila moja, chini ya usimamizi wa wakili." Hiyo tisa iwe imetoka kwenye daftari lako la mafunzo, maana kwenye usaili watakuuliza ya tatu ilihusu nini. Majina ya wateja usiyaguse. "Shauri la warithi, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya" inatosha. Wakili akiona umetaja mteja wa mwenzake, anajua kesho utamtaja wa kwake.

Kuna CV moja mpaka leo inanikera. Bosi alitaka majina kumi kutoka kwenye rundo, na mimi ndiye niliyekuwa nachambua. Msichana mmoja alileta kurasa nne. Wa kwanza ulijaa dini, hali ya ndoa, shule ya msingi na dhumuni la maisha. Nikaiweka upande wa kukataliwa. Jioni wakati wa kupanga mafaili nikaifunua: ukurasa wa tatu, karibu na chini, miaka miwili ya kuandaa rasimu za hati za utetezi kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Wale kumi walikuwa wameshapigiwa simu. Najiambia kosa ni lake, nani alimwambia afukie mali yake chini? Halafu najiambia hapana, kufunua kurasa ndiyo kazi niliyokuwa nalipwa. Basi tu.

Kwa hiyo kurasa mbili, mwanangu. Juu jina, simu inayopatikana, barua pepe yenye jina lako (ile ya "rehyqueen" iachie marafiki). Chini yake mstari mmoja: "Mhitimu wa Shule ya Sheria, nasubiri kuapishwa." Usithubutu kujiita wakili kabla Jaji Mkuu hajakukubali, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiyeandikishwa kujifanya wakili, na atakayesoma CV yako anaijua sheria hiyo kuliko wewe. Kisha kazi ulizofanya, ya karibuni kwanza, halafu elimu. Shule ya msingi itoe. Mahakama igizo, ile kesi ya kuigiza ya chuoni, ibaki, ila useme ulisimama upande gani na hoja ilikuwa ipi. Tena taja kwamba unaandaa nyaraka kwa Kiswahili na Kiingereza. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, na wengi wenu mnajua "plaint" lakini hati ya madai inawatoa jasho.

Ukiomba serikalini kupitia Ajira Portal, weka wadhamini watatu wa kuaminika, na uwaombe ruhusa kabla. Vyeti viwe vimethibitishwa. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hawazipokei. Na ile hati ya kubadili jina tuliyoihangaikia likizo nzima, iambatishe! Majina yasipolingana kwenye vyeti, mengine yote hayatasomwa.

Sasa GPA. Serikalini na kwa mawakili utatakiwa kuleta transkripti, yaani hati ya alama zako zote za chuo, kwa hiyo siri yako haitadumu. Lakini kuna wanaochuja kwa CV peke yake, na 3.1 ni daraja la pili la chini, hilo sikufichi. Baba yako anasema iache. Mimi jibu langu linaniwasha ulimi, ila sahihi itakuwa yako. Niseme hili tu: Sheria ya Kazi ulipata A, na ile A haionekani popote kwenye kurasa zako.

Nitumie tena kabla ya Ijumaa, kwa PDF. Ile ya Word kwenye simu yangu ilifunguka mistari imepandana.

Mama