Acha kununua majani kila mwaka, shughulika na udongo kwanza

Dada mmoja wa Bagamoyo kanitumia meseji juzi baada ya kuona picha ya uwanja wangu, anasema kaka naomba namba ya aliyekuuzia hayo majani, mimi nimepanda mpaka nimechoka, masika yanaoza kiangazi yanaungua. Namba sina. Majani yangu ni ukoka tu, huu huu ambao mkulima akiuona shambani kwake anautukana, na wala sikuuziwa na mtu. Kilichobadilika kwangu ni udongo, majani yalifuata yenyewe.

Mimi niko Tanga, nje kidogo ya mji, udongo wetu ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha ndala inabaki nyuma wewe unaendelea na safari, jua likiwaka unapasuka mpaka kidole kinaingia. Pamoja na hayo uwanja ulikuwa na majani yake ya kawaida, hayana shida, mpaka tulipojenga ukuta. Malori ya tofali na kokoto yaliingia katikati ya masika yakawa yanageuzia humo humo, zege likachanganywa juu ya majani, walipomaliza jembe likipigwa pale linaruka. Nikaletewa fundi wa bustani, mtu wa maneno matamu na picha nyingi kwenye simu. Akamwaga udongo mweusi juu ya ule mgumu bila kuutifua, akatandika majani ya kununua, akachukua hela yake nzuri tu. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, basi yeye alitimiza, simu hakupokea tena.

Mvua ilipokuja maji yakasimama. Nikakata kipande cha ukubwa wa sahani nione kuna nini, kikanyanyuka chote kama mkeka, mizizi imeishia kwenye ule udongo mweusi, imegeuka kahawia, na chini yake udongo wa kijivu unanuka yai viza. Maji yamejaa, hewa hakuna, mizizi itapumulia wapi? Na kwenye udongo wake huo alituletea magugu ya ndago, zawadi ninayo mpaka leo. Ile hela bado inaniuma, nisiwafiche. Shemeji naye kwenye shughuli ya familia akasema mbele za watu, mwenzetu anamwagilia matope, si uweke vitofali vya pevingi upumzike. Watu wakacheka. Sawa.

Sasa nilichofanya. Kwanza maji yapate pa kutokea, nikachimba mfereji upande wa chini nikaujaza kokoto zilizobaki za ukuta, kama maji yako bado yanasimama hayo mengine usijisumbue nayo. Halafu uma wa bustani. Udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope, chukua tonge ulibiringishe viganjani, likivutika likawa kamba ndefu subiri, ukilibonyeza likameguka ingia kazini. Unazamisha uma mpaka shingoni, unautikisa mbele na nyuma, unarudi kinyumenyume ili usikanyage ulipotoka, unazamisha tena. Kisha samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka imepoteza harufu, ichekeche, itandaze unene wa kidole, chukua ufagio wa chelewa uisukume iingie kwenye vile vitundu. Masika yakianza, hiyo Machi, chomeka vipande vya ukoka vyenye vifundo. Vuli rudia uma na samadi, masika mengine tena. Miezi ya katikati hakuna cha kusimulia, unamwagilia unangoja.

Watakwambia weka mchanga. Mchanga kidogo kwenye mfinyanzi unakupa kitu kigumu kuliko ulichoanza nacho, ili usaidie inabidi uwe mwingi kuliko udongo wenyewe, una hela ya malori mangapi? Wengine watakwambia chokaa, eti inalainisha. Chokaa ni dawa ya udongo wenye asidi, na Tanga hii mawe ya chokaa tunayo tele, mapango ya Amboni ni nini kama si hayo? Kabla hujamwaga kitu kapime udongo, mkoa huu huu tuna kituo cha utafiti cha Mlingano kule Muheza na udongo ndio kazi yao.

Jamani tatizo letu tunataka kijani cha Jumamosi ili Jumapili tupige picha. Mtu ana hela ya simu mpya kila mwaka, gunia la samadi analiona ghali, halafu anasema kiwanja chake kina mkosi. Udongo wako una njaa, ulishe. Samadi. Mimi nilijua kazi imeiva siku nilipochomoa uma nikakuta nyungunyungu, maana mwanzo hata mmoja hakuwepo. Na mbolea ya urea usiimwage kiholela, asilimia 46 yake ni naitrojeni, ukizidisha usipomwagilia inaunguza halafu lawama zote unalitupia jua. Ukikata majani usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, ukikwangua mpaka chini na mizizi inadhoofika. Ndago ukizivuta kwa mkono unakata tu, vitunguu vyake vinabaki vinachipua upya, chimba na kisu utoe na kitunguu. Na samadi, nimeshasema?

Shemeji siku hizi akija na wageni anawapitisha uwani kwanza kabla hawajakaa, anawaeleza habari za uma utadhani aliushika yeye. Namwangalia tu.

Kuna wanaouliza habari za kivuli. Ukoka unataka jua, chini ya mwembe wangu uligoma kabisa hata na samadi yake. Pale nimepanda yale majani mapana ya Pemba, yenyewe kivuli yanakivumilia, na pale karibu na shina ambapo hata Pemba imekataa nimeweka benchi.